Dibaga inasema thredi inakimbia ilhali imesimama: hitilafu ya hali inayojitokeza mara moja moja

Fundi wa Ngong Road (mwanzisha uzi)

Wadau, naleta hapa hitilafu inayotusumbua katika dibaga ndogo ya Linux (programu ya kuchunguzia makosa ya programu nyingine) tunayoiandika kwenye ofisi ya pamoja huku Ngong Road. Nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa ushauri mwingi niliopewa hadi sasa umetoka kwa watu waliosikia kichwa cha habari tu wakakimbilia dawa.

Dibaga yetu hutumia wito wa mfumo (ombi kwa kerneli, yaani kiini cha Linux) uitwao ptrace, unaoiwezesha programu moja kuifuatilia nyingine, kama ifanyavyo GDB, dibaga maarufu. Kila thredi (mkondo wa utekelezaji) ya programu inayochunguzwa ina rekodi yake ndani ya dibaga, na katika rekodi hiyo kuna sehemu inayotaja hali: inakimbia, imesimama au imekwisha. Mtumiaji akibonyeza "endelea", dibaga huzipitia rekodi hizo, huziachilia kwa PTRACE_CONT thredi zilizosimama, kisha hurudi kwenye waitpid kungojea habari kutoka kwa kerneli.

Hitilafu yenyewe ni hii. Programu yenye thredi nyingi, hasa ile inayozizaa na kuziua upesi upesi, huganda bila kutoa ujumbe wowote wa kosa. Kwenye skrini, dibaga inadai kwamba thredi zote zinakimbia. Lakini ukifungua terminali nyingine na kusoma faili la status la kila thredi chini ya /proc (saraka ambamo kerneli huonyesha hali ya michakato), unakuta moja ina herufi "t" ndogo, yaani imesimamishwa na mfuatiliaji wake, huku nyingine zikiwa na "S" kwa sababu zinaingoja hiyo moja imalize kazi. Kubonyeza "endelea" hakuna faida, kwani dibaga inaamini hakuna thredi iliyosimama. Kubonyeza "simamisha" kunazidisha balaa: dibaga inaituma SIGSTOP (ishara ya kusimamisha) kwa kila thredi na kungojea jibu la kila moja, na ile iliyokwisha kusimama haina habari mpya ya kutoa, basi dibaga nayo inaganda.

Kwenye laptopu zetu jambo hili ni nadra. Kwenye seva ya majaribio yenye prosesa nyingi, wakati kazi nyingine zinaendeshwa sambamba, hujitokeza mara nyingi kiasi cha kuangusha majaribio ya usiku. Tukiifunga dibaga pamoja na programu kwenye prosesa moja kwa amri ya taskset, hatuioni tena. Tukiiendesha dibaga chini ya strace ili tutazame miito yake, hatuioni pia, na nadhani ni kwa sababu strace inachelewesha kila kitu.

Ningependa maelezo ya chanzo kabla ya pendekezo la tiba.

---

Seva South B

Dada Fundi, pole kwa usumbufu. Kwetu tuliwahi kukutana na jambo linalofanana na hili, na tulilimaliza kwa kuweka usleep fupi baada ya thredi mpya kuzaliwa, pamoja na kurudia PTRACE_CONT kila inapojibu kosa la ESRCH. Majaribio yalitulia, nasi tukaendelea na kazi nyingine.

---

Fundi wa Ngong Road

Ahsante, Bwana South B, lakini dawa hiyo siwezi kuipokea, na nitatoa sababu.

Usingizi wa usleep haubadilishi mpangilio wa matukio. Unabadilisha tu uwezekano wa mpangilio mbaya kutokea kwenye mashine uliyonayo leo. Ukiipeleka programu kwenye mashine nyingine yenye mzigo tofauti, hesabu yako ya muda inavunjika, na safari hii hitilafu inakuwa nadra zaidi, kwa hiyo ngumu zaidi kuikamata.

Kuhusu ESRCH, hilo jibu lina maana zaidi ya moja. Mwongozo wa ptrace unasema kwamba hutolewa pale mchakato usipokuwepo, pale usipokuwa unafuatiliwa na anayeomba, na pia pale unapofuatiliwa lakini haujasimama ilhali ombi lenyewe linahitaji usimame. Anayerudia ombi bila kujua ni ipi kati ya hali hizo anaweza kuwa anagonga mlango wa nyumba isiyokuwa na mtu. Isitoshe, katika hitilafu yetu hakuna ESRCH inayotokea. Dibaga haifiki hata kuomba, kwa sababu rekodi yake inasema thredi inakimbia.

---

Mwalimu wa Mifumo

Binti yangu, umefanya vyema kukataa. Nina maswali kabla hatujaenda mbali.

Swali la kwanza ni nani hasa anayeita ptrace. Kwa macho ya kerneli, mfuatiliaji ni thredi moja mahususi, si mchakato mzima wenye thredi hiyo. Kama dibaga yenu ina kundi la thredi za kazi, na ombi la PTRACE_ATTACH (la kuanza kuifuatilia thredi) likatolewa na moja kisha PTRACE_CONT likatolewa na nyingine, ombi la pili litakataliwa kwa ESRCH ingawa thredi inayochunguzwa iko hapo na imesimama vizuri. Wanafunzi wangu wengi huangukia shimo hilo wanapounganisha dibaga na dirisha la picha. Soma mstari wa TracerPid (namba ya mfuatiliaji) katika lile faili la status, ulinganishe na namba ya thredi inayotoa maombi.

La pili ni jinsi mnavyopata taarifa. Ikiwa mnategemea SIGCHLD (ishara kwamba hali ya mnayemfuatilia imebadilika) kuwaamsha, kumbukeni kwamba ishara za kawaida hazipangi foleni. Thredi tatu zikisimama kabla hamjaishughulikia ishara ya kwanza, mnaweza kupata SIGCHLD moja tu. Anayeita waitpid mara moja kwa kila ishara ataacha habari mbili zikiwa zimelala kerneli, na dalili itakuwa hiyo hiyo uliyoieleza.

Na la mwisho: kama strace inaiua hitilafu, achana nayo. Tengeneza eneo la mviringo kwenye kumbukumbu, uandike humo kila jibu la waitpid na kila ombi la ptrace bila kugusa diski wala skrini, kisha ulimwage kwenye faili pale programu inapoganda. Weka namba ghafi ya status, wala usiweke tafsiri yenu, kwa kuwa huenda tafsiri ndiyo yenye kasoro.

---

Fundi wa Ngong Road

Mwalimu, shikamoo. Maombi yote ya ptrace hutoka kwenye thredi moja, na TracerPid inalingana nayo. Kuhusu SIGCHLD, tunazunguka kwenye waitpid pamoja na WNOHANG (isingoje kama hakuna habari) mpaka irudishe sifuri, kwa hiyo hakuna habari inayobaki nyuma.

Nimeweka eneo la mviringo kama ulivyoagiza. Hitilafu haikutishwa nalo. Ilijitokeza siku hiyo hiyo. Nanukuu mistari iliyo karibu na thredi iliyoganda, nikiwa nimebadilisha namba za thredi ili zisomeke kwa urahisi:

waitpid → 4127, status 0x137f
waitpid → 4121, status 0x3057f
GETEVENTMSG 4121 → 4127
CONT 4121 → 0

Baada ya hapo 4127 haitajwi tena. Thredi iliyokwama ndiyo hiyo 4127.

---

Kahawa West

Jibu limo kwenye mistari miwili ya mwanzo, na ni jambo ambalo waandishi wa dibaga wamelijua kwa muda mrefu, ingawa halielezwi kwa sauti kubwa mahali linapohitajika.

Tuzisome namba. Baiti ya chini ikiwa 0x7f, maana yake thredi imesimama, na baiti inayofuata ni namba ya ishara. Katika 0x137f ishara ni 0x13, yaani 19, ambayo ni SIGSTOP kwenye x86 na ARM. Katika 0x3057f ishara ni 5, yaani SIGTRAP, na juu yake kuna 3, ambayo ni PTRACE_EVENT_CLONE. Kwa hiyo kerneli iliwapa habari mbili: thredi 4127 imesimama kwa SIGSTOP, kisha thredi 4121 imezaa thredi mpya ambayo, kwa jibu la GETEVENTMSG (ombi la maelezo ya tukio), ni hiyo hiyo 4127. Mtoto ametangulia kufika kabla ya taarifa ya kuzaliwa kwake.

Hakuna kosa la kerneli hapo. Ukiweka PTRACE_O_TRACECLONE, chaguo la kufuatilia thredi zinazozaliwa, thredi mpya huanza maisha ikiwa tayari inafuatiliwa na ikiwa na SIGSTOP inayoisubiri. Sasa tazama kernel/fork.c katika msimbo wa kerneli: wake_up_new_task huitwa kwanza, na baadaye ndipo ptrace_event_pid inapoitwa ili kumsimamisha mzazi na kumjulisha mfuatiliaji. Kati ya hatua hizo mbili, mtoto ana ruhusa kamili ya kukimbia kwenye prosesa nyingine, kukutana na SIGSTOP yake na kusimama, huku mzazi bado hajafikia mahali pa kutoa taarifa. Hata kama wote wawili wamekwisha kusimama, waitpid yenye -1 haitoi ahadi yoyote ya kukupa habari kwa mpangilio zilivyotokea.

Hili linaeleza pia kwa nini taskset ilikuwa ikiificha hitilafu. Kwenye prosesa moja, mtoto kwa kawaida hungojea mpaka mzazi aachie nafasi, na mzazi huiachia anaposimama kwa tukio la clone.

Kilichobaki ni kuona dibaga yenu inafanya nini inapoletewa habari ya thredi isiyoifahamu. Nitabashiri: inaipuuza. Kisha habari ya mzazi inapofika, inaandika rekodi ya 4127 na kuipa hali ya "inakimbia", kwa matumaini kwamba SIGSTOP itakuja. SIGSTOP ilishakuja, ikapokewa na ikatupwa. Haitarudi.

---

Fundi wa Ngong Road

Ubashiri wako ni sahihi kabisa. Kwenye fanksheni inayopokea matukio kuna tawi linalosema kwamba tid (namba ya thredi) ikikosekana kwenye orodha, rudi bila kufanya lolote. Tawi hilo liliwekwa ili kuzipuuza habari za michakato mingine ambayo dibaga yenyewe huianzisha, kama vile kisaidizi kinachosoma alama za faili, na kwa kazi hiyo lilikuwa na haki ya kuwepo.

Tunavyorekebisha: habari ya kusimama ikitoka kwa tid isiyojulikana, tunaihifadhi pamoja na status yake kwenye orodha ya "waliofika mapema". Tukio la clone, fork au vfork (miito ya kuzaa thredi au mchakato) likifika, tunachukua namba ya mtoto kwa GETEVENTMSG na kuitafuta kwenye orodha hiyo. Ikiwamo, rekodi yake inazaliwa ikiwa na hali ya "imesimama" na tunaiachilia mara moja. Isipokuwamo, inazaliwa na hali mpya niliyoiongeza, "inangojewa kusimama", ambayo si sawa na "inakimbia". Michakato yetu ya kisaidizi tunaitambua kwa orodha yake yenyewe.

---

Kahawa West

Hiyo ndiyo njia yenyewe. GDB nayo ina orodha ya namna hiyo, iitwayo stopped_pids, kwenye linux-nat.c na vilevile upande wa gdbserver. Hali ya tatu uliyoiongeza naiunga mkono kwa nguvu kuliko hata orodha. Hitilafu nyingi za aina hii hudumu kwa sababu programu ina maneno mawili tu ya kueleza mambo matatu, na "sijui bado" hulazimishwa kuvaa vazi la "inakimbia".

---

Umoja Innercore

Naomba kuuliza nje kidogo ya mstari: kwa nini dibaga isisome tu /proc kila inapotaka kujua hali? Herufi "t" iko hapo wazi, na mwanzisha uzi mwenyewe aliitumia kugundua tatizo.

---

Mwalimu wa Mifumo

Swali halali, kijana. /proc inakuambia kwamba thredi imesimama, lakini haikuambii imesimama kwa sababu gani, wala haiondoi ile habari iliyolala kerneli ikingoja waitpid. Ukiisoma "t" na kuamua kuiachilia thredi, habari ya kule kusimama inapotea kabla waitpid haijaisoma, na huenda ukawa umeruka brekipointi (mahali palipowekwa programu isimame) ambayo mtumiaji aliiwekea matumaini. Tena, jibu la /proc linazeeka mara tu unapolisoma, kwa kuwa thredi inayokimbia inaweza kusimama kabla hujafunga faili. Itumie kama ushahidi wa kuchunguzia, kama alivyofanya dada yetu. Usiiweke kwenye mtambo wenyewe.

---

Fundi wa Ngong Road

Marekebisho yameingia, na majaribio ya usiku hayagandi tena. Hata hivyo, sasa limejitokeza jambo jingine ambalo naamini lilikuwa limefichwa na la kwanza. Baada ya mtumiaji kusimamisha programu na kuiachilia, wakati mwingine thredi moja husimama tena papo hapo kwa SIGSTOP ambayo hakuna aliyeiomba. Hutokea pale ambapo thredi hiyo ilikuwa imefika kwenye brekipointi karibu na wakati ule ule wa kusimamishwa.

---

Kahawa West

Hiyo ni SIGSTOP yenu wenyewe, imechelewa. Mnapozisimamisha thredi zote, mnatuma SIGSTOP kwa kila moja. Ikitokea kwamba mojawapo imegonga brekipointi wakati huo, waitpid inawapa SIGTRAP, mnaandika "imesimama" na kuridhika, ilhali SIGSTOP bado ipo mlangoni mwake. Mkiiachilia, jambo la kwanza inalolifanya ni kuipokea.

Njia ya zamani ni kuweka alama kwenye rekodi kwamba kuna SIGSTOP inayodaiwa, na kuimeza kimya kimya itakapofika, bila kumwonyesha mtumiaji na bila kuipitisha kwa programu. Jambo la kuangalia ni kwamba SIGSTOP nyingine zinaweza kuwa za kweli, zilizotumwa na mtu mwingine, na kwa namba ya ishara peke yake hamwezi kuzitofautisha na zenu.

Njia ya pili ni kuachana na PTRACE_ATTACH na kutumia PTRACE_SEIZE, iliyoingia Linux 3.4 mwaka 2012. Kwa thredi iliyokamatwa hivyo, kusimamisha hufanywa kwa PTRACE_INTERRUPT, ambayo haitumii SIGSTOP hata kidogo. Thredi hutoa PTRACE_EVENT_STOP, na kama kuna sababu nyingine ya kusimama wakati ule ule, husimama kwa sababu hiyo. Thredi zinazozaliwa nazo huanza kwa PTRACE_EVENT_STOP badala ya SIGSTOP, kwa hiyo hakuna tena utata kati ya ishara yenu na ya mtu mwingine.

---

Seva South B

Je, SEIZE isingetosha kuondoa lile tatizo la kwanza pia, bila orodha ya waliofika mapema?

---

Kahawa West

Haitoshi. SEIZE inabadilisha jina la habari anayokuja nayo mtoto, haibadilishi mpangilio. Mtoto bado anaweza kumtangulia mzazi, kwa kuwa fork.c ni ile ile. Orodha ibaki.

---

Mwalimu wa Mifumo

Niongeze tahadhari kuhusu brekipointi iliyogongwa wakati wa kusimamishwa. Habari yake isipoonyeshwa mara moja kwa mtumiaji bali ikawekwa akiba, na katika muda huo mtumiaji akaiondoa brekipointi, habari hiyo imekwisha nguvu na ni lazima itupwe. Kwenye x86 maelekezo ya int3 ni baiti moja, 0xCC, na thredi husimama ikiwa imeshaipita. Kwa hiyo kabla ya kuitupa habari, mrudishe rejista ya rip (anwani ya maelekezo yanayofuata) nyuma kwa baiti moja. La sivyo programu itaendelea kutoka katikati ya maelekezo na kuanguka mahali pasipohusiana na chanzo. Kwenye ARM ya biti 64 hamna haja, maana baada ya brk rejista ya pc hubaki kwenye maelekezo yale yale.

---

Fundi wa Ngong Road

Nashukuru nyote. Tumehamia SEIZE. Kwa programu tunazozianzisha wenyewe, ambazo zamani zilitumia PTRACE_TRACEME (mtoto kuomba afuatiliwe na mzazi), mtoto sasa hungojea kwenye bomba mpaka mzazi amkamate kwa SEIZE ndipo aende kwenye execve (wito wa kupakia programu mpya). Yama, moduli ya usalama ya Linux, haikuleta pingamizi, kwani ptrace_scope ikiwa 1 bado inamruhusu mzazi kumfuatilia mzao wake.

Jaribio tuliloliacha kwenye hazina ya msimbo halitegemei bahati ya prosesa. Kati ya waitpid na fanksheni inayopokea matukio tumeweka tabaka dogo ambalo, wakati wa majaribio tu, hukusanya habari zilizopo na kuzitoa kwa mpangilio uliopinduliwa kwa makusudi: mtoto kabla ya mzazi, kisha mzazi kabla ya mtoto. Tukirudisha lile tawi la zamani la kupuuza, jaribio linaanguka kila mara, hata chini ya taskset. Pia hali ya thredi sasa inabadilishwa mahali pamoja tu, ndani ya fanksheni hiyo. Vitufe vya dirisha vinatoa maombi, haviandiki hali.

Bado nafanyia kazi suala la execve inayoitwa na thredi isiyo kiongozi. Hapo thredi nyingine zote hufa na aliyeita huchukua namba ya kiongozi, kwa hiyo rekodi yetu inabaki na jina la thredi ambayo haipo tena. Tangu Linux 3.0, kwenye PTRACE_EVENT_EXEC, GETEVENTMSG hutoa namba ya zamani ya aliyeita, na ndiyo ninayoitumia kuhamisha rekodi. Nikimaliza nitaweka kiraka hapa hapa, na ningependa Kahawa West akipitie kabla hakijaunganishwa.